Mgeni Anayekuja Kabla ya Mnada

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini si kila apigaye hodi huja na dawa. Mwezi huu tunapenda kuzungumza na akina mama wenzetu wanaoishi Marekani, pamoja nanyi wenye ndugu huko, juu ya mgeni ajaye pale nyumba inapodaiwa kodi.

Huko Marekani kodi ya nyumba hulipwa kwa serikali ya mahali, mara nyingi kaunti. Isipolipwa, riba na faini hujilimbikiza, na mwishowe nyumba huweza kupigwa mnada. Majina ya wadaiwa hayafichwi. Yeyote anaweza kuyasoma. Nyumba yenye mkopo mara nyingi huokolewa na benki, ambayo hulipa kodi ili kulinda fedha zake. Kwa hiyo wanaofikwa na mnada wengi ni waliokwisha kumaliza mkopo: wazee, wajane, na watoto waliorithi bila wosia.

Hapo ndipo mgeni anapobisha. Tuchukue mfano. Nyumba ya mama ina thamani ya dola 90,000, nayo inadaiwa dola 8,000. Mgeni asema, "Mama, mnada ukifika utakosa vyote. Chukua dola 3,000, uniandikie hati, deni nitalipa mimi." Kwa dola 11,000 amepata nyumba ya 90,000. Wengine hata hawalipi deni. Huiacha nyumba iuzwe mnadani, kisha wao ndio hudai fedha inayobaki.

Je, ni kweli mama atakosa vyote?

Zamani, katika baadhi ya majimbo, ilikuwa kweli. Bibi Geraldine Tyler wa Minneapolis alidaiwa kodi ya dola 2,300 hivi, na kwa riba na faini deni likafika kama dola 15,000. Kaunti ya Hennepin iliuza nyumba yake kwa dola 40,000, ikabaki na fedha yote. Bibi huyo alikwenda mahakamani. Mwezi Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 94, Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa haki, majaji wote 9 wakikubaliana. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba mlipa kodi hana budi kumpa Kaisari yaliyo ya Kaisari, lakini si zaidi.

Basi ziada ni mali ya mwenye nyumba. Hata hivyo haimfuati nyumbani. Ni lazima aidai, na muda una mwisho. California ni mwaka 1, Texas ni miaka 2.

Dada, ufanye nini?

Kwanza, usiogope barua. Nenda mwenyewe ofisi ya kodi ya kaunti, uulize deni kamili, tarehe ya mnada, na kama unaweza kulipa kidogo kidogo. Texas, kwa mfano, mwenye miaka 65 au zaidi anaweza kuomba kodi ya nyumba anayoishi iahirishwe.

Pili, uliza madalali wawili thamani ya nyumba yako. Ukiiuza mwenyewe kabla ya mnada, deni hukatwa katika bei na kinachobaki ni chako.

Tatu, usitie sahihi hati yoyote siku ile ile mgeni alipokuja, hata akisema kesho amechelewa. Tafuta kwanza mwanasheria. Wapo wanaowasaidia wazee bila malipo. Kumbuka pia kwamba ukiandika hati, nyumba imeondoka, lakini kama ina mkopo, deni la benki hubaki kwa jina lako.

Na wewe mnunuzi

Hatusemi kwamba kununua nyumba ya namna hii ni kosa. Mama aliyechoka na nyumba, akalipwa bei ya haki na deni likaondolewa, amesaidiwa kweli. Lakini jiulize: mwenye nyumba anajua thamani yake? Anajua ziada ya mnada ni yake? Ungemwambia hayo, bado angekubali bei yako? Kama jibu ni hapana, basi hukununua nyumba, bali umenunua kutojua kwake. Mgeni mwema hutaja kwanza thamani ya nyumba, ndipo hutaja bei yake.