ISHARA NA ISTILAHI ZA MUDA KATIKA UAMUZI WA MPIRA WA MIGUU: UCHUNGUZI KWA KUZINGATIA MAZINGIRA YA UKONGA, DAR ES SALAAM

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna waamuzi wa mpira wa miguu wanavyowasilisha taarifa za muda wa mchezo, na namna Kiswahili kinavyozipa taarifa hizo majina. Hoja inayotetewa ni kwamba ishara ya mwamuzi hutaja kiasi cha chini cha muda, ilhali istilahi zinazotumika huifanya ieleweke kuwa kiasi kamili. Pengo hilo huonekana zaidi katika viwanja vya mitaani, kama vile vya Ukonga, ambako neno na kidole hushika nafasi ya ubao wa elektroniki. Makala yanapendekeza namna ya kuliziba.

1.0 Utangulizi

Ukonga ni kata ya Wilaya ya Ilala, kandokando ya Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Kama ilivyo katika maeneo mengine ya jiji, Kinondoni na Temeke yakiwamo, mpira unaochezwa huko kwa wingi ni ule uitwao wa mchangani au ndondo. Katika mpira huo hakuna saa kubwa ya uwanjani wala kipaza sauti cha kutangazia dakika. Mchezaji, kocha na mtazamaji hupata habari za muda kwa njia tatu tu: mlio wa kipenga, mkono wa mwamuzi na maneno yanayopita kutoka kinywa hadi kinywa.

Mazingira hayo yanamfaa mwanaisimu kwa sababu yanaonyesha mfumo wa mawasiliano ukiwa umepunguziwa vyombo vyake vyote visivyo vya lazima. Kinachobaki ni ishara na lugha. Swali linaloulizwa katika makala haya ni hili: je, Kiswahili kinachotumika kuzifasiri ishara hizo kinabeba maana ileile iliyokusudiwa na sheria za mchezo?

2.0 Mwenye Saa

Sheria za mpira wa miguu, ambazo hutunzwa na Bodi ya Kimataifa ya Vyama vya Soka (IFAB) iliyoundwa mwaka 1886, zinamkabidhi mwamuzi wa kati utunzaji wa muda. Hapa mpira wa miguu unatofautiana na mpira wa kikapu, ambao saa yake huonekana na wote na husimama mchezo unaposimama. Katika mpira wa miguu saa haisimami. Mwamuzi huhesabu moyoni au mkononi muda uliopotea, kisha huurudisha mwishoni mwa kila kipindi.

Sheria ya 7 inataja sababu za kurudisha muda huo: kubadilisha wachezaji, kuwahudumia na kuwaondoa majeruhi, kupoteza muda kwa makusudi, kutoa adhabu za kadi, mapumziko ya kunywa maji, ukaguzi wa video mahali unapotumika, na mengineyo. Sheria hiyo inaongeza masharti mawili yenye uzito kwa mjadala huu. Kwanza, kiasi kinachotangazwa mwishoni mwa kipindi ni cha chini: mwamuzi anaweza kukiongeza lakini hawezi kukipunguza. Pili, kosa la saa lililotokea katika kipindi cha kwanza halisahihishwi kwa kubadili urefu wa kipindi cha pili.

Kwa hiyo saa rasmi ya mchezo haionekani na mtu yeyote isipokuwa mwenye kuivaa. Saa ya mtazamaji, hata ikiwa sahihi kwa sekunde, haina mamlaka. Mamlaka hiyo huwafikia watu wengine kwa ishara peke yake.

3.0 Kipenga kama Kitendo-Uneni

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1962, alibainisha kwamba baadhi ya matamko hayaelezi hali bali huitenda. Kadhi anaposema ndoa imefungwa, ndoa hufungwa kwa tamko hilo. Kipenga cha mwisho ni cha aina hiyo. Hakitoi habari kwamba dakika zimekwisha, ndicho kinachozimaliza. Milio mitatu iliyozoeleka mwishoni mwa mchezo, na miwili wakati wa mapumziko, ni desturi ya waamuzi inayosaidia masikio ya watu wa mbali.

Nguvu ya kitendo hiki ilidhihirika tarehe 3 Juni 1978 mjini Mar del Plata, Argentina, katika mechi ya Kombe la Dunia kati ya Brazil na Sweden. Mwamuzi Clive Thomas wa Wales alipuliza kipenga cha mwisho mpira wa kona ukiwa hewani. Zico akaupiga kichwa ukaingia wavuni, bao likakataliwa, na mechi ikabaki sare ya 1-1. Sekunde chache zilitenganisha mlio na bao, lakini kisheria bao hilo lilifungwa baada ya mchezo kwisha.

Austin alionya pia kwamba kitendo-uneni kina masharti yake, na yasipotimizwa tamko huharibika. Barani Afrika mfano ulio wazi ni mechi ya Mali na Tunisia iliyochezwa Limbe, Cameroon, tarehe 12 Januari 2022, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza kipenga cha mwisho katika dakika ya 85, akaurudisha mchezo, kisha akaumaliza tena kabla dakika ya 90 haijatimia, Mali ikiongoza kwa bao 1-0. Baadaye alieleza kuwa aliathiriwa na joto kali. Maofisa walipotaka mchezo uendelee, Tunisia haikurudi uwanjani. Rufaa yake ilikataliwa na matokeo yakabaki. Kipenga cha kwanza kilibatilika kwa sababu mwenye mamlaka mwenyewe alikitengua mara moja akiwa uwanjani. Cha pili kilisimama, ingawa saa za watu wote zilikikana.

4.0 Ubao, Vidole na Mkono

Ishara ya pili ni ya kutaja kiasi. Katika mechi kubwa kazi hiyo hufanywa na mwamuzi wa nne, ambaye huinua ubao wenye tarakimu mwishoni mwa dakika ya 45 na ya 90. Tarakimu hiyo ni taashira: uhusiano wake na muda umewekwa na mapatano. Udhaifu wake ni kwamba haina mahali pa kuandika neno «angalau». Ubao huonyesha 4. Sheria humaanisha «zisizopungua 4». Mtazamaji husoma «4 kamili».

Katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 nchini Qatar, waamuzi walielekezwa kufidia muda uliopotea kwa ukamilifu zaidi. Katika mechi ya Uingereza na Iran ya tarehe 21 Novemba, kipindi cha kwanza kiliongezewa dakika 14, hasa kwa sababu ya kuumia kwa mlinda mlango wa Iran. Katika kipindi cha pili ubao ulionyesha dakika 10, lakini penalti ya Mehdi Taremi ilifungwa katika dakika ya 90+13. Aliyeuchukua ubao kuwa ahadi aliona sheria imevunjwa. Aliyeujua kuwa kiwango cha chini hakushangaa.

Pasipo ubao, mwamuzi huinua vidole. Vilevile huonekana akigusa saa yake mkononi ili kuonya kwamba muda unaopotezwa utarudishwa. Alama hiyo ni kielezo, kwa kuwa huelekeza jicho kwenye kitu chenyewe, na hueleweka pasipo kufundishwa. Kwa upande wake, hesabu ya vidole imepata hadhi mpya kuanzia Julai 2025: mlinda mlango haruhusiwi kuushika mpira zaidi ya sekunde nane, na mwamuzi huhesabu sekunde tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Hapo muda unaonekana ukipungua kidole kwa kidole, na anayehukumiwa huiona hukumu kabla haijamfika.

5.0 Majina ya Muda katika Kiswahili

Taarifa hizi huwafikia walio wengi kwa maneno ya watangazaji, tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwani msikilizaji wa redio hauoni ubao. Istilahi zilizozoeleka ni nne.

(a) Dakika za majeruhi. Jina hili linataja sababu moja kati ya nyingi. Mtazamaji aliyelizoea huuliza ameumia nani hata ziongezwe dakika tano, na swali lake lina mantiki ndani ya istilahi yenyewe. Kosa ni la jina.

(b) Dakika za nyongeza. Hili ndilo lenye utata mkubwa zaidi, kwa sababu hutumika kwa dhana mbili: muda unaorudishwa mwishoni mwa kipindi, na dakika 30 zinazochezwa timu zinapotoka sare katika mechi ya mtoano. Dhana ya kwanza ni malipo ya deni la dakika 90; ya pili ni mchezo mwingine juu ya dakika hizo. Kigezo cha istilahi moja kwa dhana moja kimevunjwa hapa.

(c) Dakika za lala salama. Msemo huu hutaja hali ya mchezo unapokaribia mwisho na hauna kipimo. Unaanza wapi, hakuna ajuaye, na wala haipasi ajue. Pamoja na «bao la jioni», ni mali ya mtindo wa utangazaji, na huko una utamu wake.

(d) Muda wa kufidia. Kirai hiki husikika kama maelezo kuliko kama jina, ingawa ndicho kinachoikaribia zaidi dhana ya sheria.

Jambo jingine ni «mwamuzi wa akiba». Jina hilo linataja kazi yake ya kungoja kushika nafasi ya mwenzake, lakini linaficha kazi anayoifanya katika kila mechi, nayo ni kutangaza muda.

6.0 Hali ya Kiwanja cha Mtaani

Katika kiwanja cha aina ya vile vya Ukonga, utata huu haumaliziki katika maneno. Mwamuzi akiulizwa na nahodha, «Refa, bado ngapi?» naye akainua vidole vitatu, ishara hiyo ina tafsiri mbili. Yaweza kuwa «zimebaki tatu», yaani saa iko katika dakika ya 87. Yaweza pia kuwa «zimeongezwa tatu», yaani dakika 90 zimetimia. Kisarufi tofauti ni kubwa. Kitenzi -baki huhesabu kuelekea kikomo kinachojulikana. -Ongezwa, kikiwa katika kauli ya kutendwa, hukumbusha kwamba yupo mtendaji mwenye uwezo wa kuongeza tena. Kiambishi zi- kinarejea dakika katika kauli zote mbili, na kidole hakiwezi kuzitenganisha.

Kuna pia saa isiyo ya mwamuzi, nayo ni jua. Mechi ikianza saa 10:00 jioni, vipindi viwili na mapumziko ya dakika 15 huifikisha saa 11:45 kabla ya fidia yoyote. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, kutegemea majira. Mechi iliyochelewa kuanza kwa nusu saa, katika kiwanja kisicho na taa, huweza kucheza dakika zake za mwisho mwanga ukififia. Sheria inaruhusu vipindi vifupishwe ikiwa mwamuzi na timu zote mbili wamekubaliana kabla ya mchezo kuanza na kanuni za mashindano zinakubali. Hairuhusu kufupisha kwa sababu giza limeingia. Mechi iliyovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano zimesema vingine. Hivyo neno linalotamkwa kabla ya mchezo lina thamani kuliko maelezo yatakayotolewa baada yake.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu unaelekeza kwenye mapendekezo matatu. Kwanza, «muda wa fidia» litumike kwa muda unaorudishwa, na «muda wa nyongeza» libakizwe kwa dakika 30 za baada ya sare. Neno fidia tayari limo katika matumizi, na linabeba dhana ya kulipa kilichopotea. Pili, tangazo la kiasi liandamane na kitenzi cha kiwango cha chini: «dakika zisizopungua nne za fidia». Tatu, mwamuzi asiye na ubao atamke anachokihesabu, ama «zimebaki» ama «zimeongezwa», badala ya kuviachia vidole kazi visivyoiweza.

Mapendekezo haya hayahitaji vifaa wala fedha. Saa itabaki mkononi mwa mtu mmoja, kama sheria inavyotaka. Wanaoungoja uamuzi wake wanastahili kuambiwa kwa lugha isiyo na maana mbili.