Je, Wajua? Diski ya Kuwashia Kompyuta

Je, wajua kwamba CD-RW, ile inayofutika na kuandikwa upya, inaweza kushindwa kuwasha kompyuta ya zamani hata ikiwa imechomwa bila kosa lolote? Uso wake hurudisha takriban robo tu ya mwanga wa leza, au pungufu, ilhali CD-R hurudisha zaidi ya nusu. Kisomeo cha zamani huiona kama diski tupu. Kwa mashine kuukuu, nunua CD-R na usihangaike.

Ukubwa nao uangalie. CD-R ya kawaida hubeba MB 700. Mfumo endeshi wa Ubuntu ulienea humo kwa miaka mingi, hadi toleo la 12.10 la mwaka 2012 lilipovuka kiwango hicho. Hapo ikabidi kutumia DVD. Lakini hata DVD hazilingani: DVD-R ya safu moja hubeba baiti 4,707,319,808, DVD+R baiti 4,700,372,992. Faili la ISO, yaani taswira ya diski nzima, lililojaa pomoni laweza kuingia kwenye ya kwanza likakataa ya pili.

Na unapochoma, usilinakili faili hilo kama wimbo. Chagua amri ya kuchoma taswira ya diski, la sivyo kompyuta haitawaka kwa diski hiyo.