Sikoseli: Mama Asilaumiwe Peke Yake

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Basi akiugua sikoseli, wengine husema ugonjwa umetoka kwa kina mama. Si haki! Ukoo hufuata upande mmoja, lakini vinasaba mtoto huvipata nusu kwa baba, nusu kwa mama. Sikoseli hutokea pale wote wawili wanapompa kinasaba chenye kasoro. Mwenye kimoja tu haugui. Tena humkinga na malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata mgonjwa. Mtoto mchanga akivimba vidole vya mikono na miguu, tumpeleke hospitali akapimwe damu.