Nauza vitenge mtandaoni kutoka kijiji kisicho na umeme Zambia, na intaneti naipata hivi

Swali ninaloulizwa kuliko yote, hata kuliko bei ya vitenge, ni hili: wewe unakaa kijijini Zambia, umeme hakuna, mnara wa simu hauonekani, sasa mbona kila siku uko hewani? Leo nalijibu lote, maana najua humu kuna wenzangu walioolewa mbali, wengine wamefuata mashamba Msumbiji, wengine wako Kongo, na biashara yao imelala kwa sababu ya netiweki tu.

Mimi ni mtoto wa Tunduma. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kuuza vitenge kwa simu, halafu nikaolewa upande wa pili wa mpaka. Tunakaa wilaya ya Isoka, mkoa wa Muchinga, kama kilomita 14 ndani kutoka barabara kuu ya Nakonde kwenda Lusaka. Nguzo za umeme ziliishia barabarani. Wateja wangu wako Lusaka, Kitwe, Kasama, na wachache Mbeya na Dar. Mzigo uko Tunduma kwa dada yangu, anauvusha na kuupandisha basi Nakonde. Kwa hiyo kazi yangu mimi ni simu: kupokea oda, kuhakikisha hela imeingia, kumwambia dada apakie. Basi likiondoka kabla sijajibu, mteja anasubiri mpaka kesho. Na mama anayetaka doti 30 za sare ya kicheni pati ya Jumamosi hakusubiri, anahamia kwa mwingine na hakuambii.

Wakwe walitushauri tukapange chumba mjini ili biashara isife. Ni ushauri mzuri, ila kodi ya mjini ingekula karibu faida yote, na shamba angebaki nalo nani? Kwa hiyo nikaamua ile hela ya kodi ya miezi michache niitumie kuleta netiweki nyumbani. Isingefanikiwa, ndiyo tungehama.

Kitu cha kwanza ni kupima, na kupima ni bure. Usiangalie vile vijiti juu ya skrini, vinadanganya. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, nenda Kuhusu simu, kisha Hali ya laini, utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa mbele, na herufi dBm. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo bora. Kwa 4G, kutoa 85 ni raha mustarehe. Kutoa 100 unafanya kazi. Kutoa 110 picha zinazunguka tu. Kutoa 120 hapo huna kitu. Mimi mlangoni kwangu nilikuwa napata kutoa 113. Nikaanza kuzunguka shamba na daftari kama mpima ardhi, watoto wa jirani wananifuata nyuma. Juu ya kichuguu kikubwa (huku vichuguu vina ukubwa wa nyumba) nikapata kutoa 104. Hapo nikajua mawimbi yapo, shida ni urefu na miti.

Na ujue hizo namba hazihesabiwi kama hela. Kila ukipanda 3, nguvu inaongezeka mara mbili. Ukitoka 113 kuja 95 umepanda 18, yaani nguvu imekuwa kama mara 60 ya mwanzo. Ndiyo maana mita chache za mti mrefu zinabadilisha maisha.

Pima kwa laini zote. Zambia kuna MTN, Airtel na Zamtel, na kila mmoja ana minara anayotumia na masafa yake. Masafa ya chini kama 800 yanafika mbali na yanapenya miti vizuri, ya juu kama 2600 yana kasi lakini yanachoka mapema. Laini iliyo bora Lusaka inaweza kuwa takataka kijijini kwako. Kuna programu za bure za kuonyesha mnara unaotumia na masafa yake, pakua moja ukiwa mjini. Na ukiwa mgeni, laini inasajiliwa kwa pasipoti. Usikubali ya kusajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua, siku akiifunga na wateja wako wameondoka naye.

Baada ya kupima, nikanunua ruta ya laini yenye matundu mawili ya kuchomekea antena ya nje, na antena ya kuelekeza, ile iliyokaa kama mifupa ya samaki. Sikiliza hapa vizuri. Zile stika za kubandika nyuma ya simu eti zinaongeza netiweki, achana nazo, hazifanyi kitu. Na yale maboksi ya kukuza mawimbi yanayouzwa kwa siri, huku yanahitaji idhini ya ZICTA, mamlaka ya mawasiliano, kwa sababu yanaweza kuvuruga mnara mzima. Antena ya kupokea ya kwenye ruta ni jambo tofauti, haina ugomvi na mtu.

Mume wangu alikata mkaratusi wa mita 9, tukausimamisha na kuufunga waya pande tatu. Antena juu kabisa, imeelekea barabarani uliko mnara. Mafundi wengi wanakosea kwenye kebo. Wanaweka antena juu, ruta ndani ya nyumba, halafu kebo ya mita 15 katikati. Ile kebo nyembamba inakula mawimbi, unapanda mti halafu unayapoteza njiani. Sisi tuliipandisha ruta yenyewe juu, ndani ya boksi la plastiki lisiloingia maji, chini ya antena pale pale. Kinachoshuka ni waya wa umeme tu, na Wi-Fi inafika mpaka sebuleni. Ukipenda waya wa intaneti kushuka nao ni sawa, ule unakwenda hadi mita 100 bila shida. Siku tunaiwasha nilisoma kutoa 93. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Umeme sasa. Hapa wengi mnaogopa bure. Ruta kama yangu inatumia wati 12 kwa makisio ya juu. Naiwasha saa 14 kwa siku, 12 mara 14 ni 168. Ongeza chaji ya simu mbili kama 50, na taa tatu ndogo jioni kama 60. Jumla kama wati-saa 280 kwa siku. Paneli ya wati 100 huku inakupa jua kamili la saa nne na nusu hivi, ukitoa upotevu unabaki na 300 na kidogo. Inatosha, ila kwa kubana. Betri yangu ni ya volti 12, ampea 100, ya maji. Kwa karatasi ina 1,200, lakini betri ya namna hiyo ukiitumia zaidi ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo hesabu 600. Hizo ni siku mbili za mawingu. Mvua huku inaanza Novemba mpaka Aprili, na siku ya tatu ya mawingu ninazima ruta mchana na kuwasha kwa saa maalumu.

Usitumie inveta kuwasha ruta. Inveta yenyewe inakula umeme hata kama haijafanya kitu. Ruta nyingi ni za volti 12, betri ni ya volti 12, ziunganishe kupitia kifaa kidogo cha kutuliza volti. Nilivyofanya hivyo niliongeza karibu saa mbili za taa jioni.

Na radi, jamani. Ukisimamisha mti wa mita 9 mwenye antena ya chuma wewe ndiye mrefu kuliko wote kijijini. Zika fimbo ya shaba, shusha waya mnene kutoka kwenye antena mpaka ardhini, na mawingu yakianza kunguruma chomoa waya wa ruta ndani ya nyumba. Oda itasubiri.

Wengi mtaniuliza, kwa nini usinunue Starlink tu? Iko Zambia kihalali tangu Oktoba 2023, na inafanya kazi kweli. Jirani mmoja mwenye shamba kubwa anayo, nimeijaribu, ni moto wa kuotea mbali. Setilaiti zake ziko chini, kilomita mia chache tu juu yetu, wakati zile za zamani ziko karibu kilomita 36,000, ndiyo maana haikawii. Haijali miti ya upande wala mnara, inataka anga wazi tu. Tatizo ni hesabu. Dishi la kawaida linakula wati 75 hadi 100. Kwa saa zangu 14 hiyo ni zaidi ya 1,000 kwa siku, yaani paneli nne au tano na betri za maana. Lile dogo, Mini, linakula 25 hadi 40, hilo linakaribia uwezo wetu. Juu yake kuna ada ya kila mwezi, uuze usiuze. Bando la laini naweza kulikata mwezi ukiwa mbaya.

Kwa mtu anayeuza kwa picha na meseji kama mimi, mnara unatosha. Ukiwa unauza kwa video za moja kwa moja, au mko wauzaji watatu mnaoweza kuchangia nyumba moja, hapo dishi linaanza kuwa na maana. Kuuzia kijiji kizima intaneti ni habari nyingine, mkataba wa nyumbani haukuruhusu kuuza tena. Na wewe wa Tanzania unayetaka kulivusha dishi kimya kimya mpakani, waulize TCRA kwanza, usije ukapoteza kifaa na hela.

Nikupe na faida ya mnara wasiyoisema. Hata 4G ikifa, 2G mara nyingi inabaki, na huduma za hela kwa simu zinatembea kwa ile menyu ya nyota na reli, hazihitaji bando. Kwa hiyo mteja anaweza kunilipa, nikaona salio, nikamtumia dada meseji ya kawaida "pakia mzigo wa Kitwe", basi likaondoka na mzigo, wote hatuna intaneti. Wateja wangu wa kudumu nimewafundisha: kimya WhatsApp, tuma meseji ya kawaida.

Ubaya wake ni kwamba unategemea umeme wa watu wengine. Mwaka 2024 Zambia ilipata ukame mkali, maji ya Kariba yakashuka, mgao ukafika hata saa 21 kwa siku. Ungedhani sisi wa sola hautuhusu. Kumbe mnara wa barabarani nao unakula umeme ule ule, na betri zake zikiisha unalala. Nyumbani kwangu taa zinawaka, ruta inawaka, netiweki hakuna. Kilichoniokoa ni laini ya pili ya kampuni nyingine kwenye simu ya akiba. Mnara wake uko mbali zaidi, lakini ulikuwa unawaka saa ambazo wa kwanza umezima. Tangu hapo sikai na laini moja.

Matumizi nayo yana adabu yake. WhatsApp nimezima kupakua picha na video zenyewe, maana kundi moja la familia lingenimaliza. Picha za mzigo mpya anapiga dada Tunduma, mimi napandisha saa kumi na moja alfajiri mnara ukiwa hauna watu. Orodha ya bidhaa kwenye WhatsApp Business naijaza mara moja, mteja anachagua mwenyewe bila mimi kutuma picha 20 kila mara. Nimeweka na ujumbe wa kujibu wenyewe unaosema saa zangu za kujibu, na nimeandika saa za nchi zote mbili, kwa sababu Tanzania iko mbele ya Zambia kwa saa moja na watu wa Mbeya walikuwa wanadhani nawadharau.

Namba yangu ya WhatsApp bado ni ya Tanzania, wateja wa zamani wananijua kwayo. Laini ile naiweka hai kwa kuitumia kila nikienda Tunduma, maana laini iliyolala muda mrefu inaweza kufungwa na kupewa mtu mwingine. Akaunti ya WhatsApp isiyoguswa siku 120 nayo hufutwa. Na kama unajibu kwa kompyuta au simu ya pili, simu mama ikikaa siku 14 bila kuingia mtandaoni, vile vifaa vingine vinatolewa.

Kwa sasa najibu wateja siku nzima isipokuwa siku za mawingu mazito, na habari ya kupanga mjini wakwe hawajaitaja tena. Mvua zikiisha Aprili nitaongeza paneli ya pili, kisha nikae na jirani tupige hesabu ya kuchangia Mini kwa wauzaji watatu wa huku. Mmoja anauza maharage, mwingine asali. Wa asali anataka kupiga video, na huyo ndiye atakayeamua.