Habari za Choo Kabla ya Kilo

Mama mmoja alirudi kliniki wiki ya sita baada ya upasuaji. Kilo 13 zilikuwa zimeshaondoka, gauni limemlegea kiunoni, na ngazi za ghorofa ya pili alizipanda bila kusimama njiani. Tulizungumza, tukacheka, nikafunga faili. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango alipogeuka na kusema kwa sauti ya chini, "Daktari, niwie radhi. Leo siku ya tisa sijapata choo."

Maswali ya choo huja hivyo, mtu akiwa nusu nje. Kilo hutajwa sebuleni mbele ya mawifi na majirani. Choo ni siri ya mtu na Mungu wake. Nami naona tumepanga mambo kinyume, maana upasuaji wa kupunguza uzito ni upasuaji wa njia ya chakula, na njia hiyo hutoa habari zake chooni mapema kuliko kwenye mizani.

Mtaani huitwa kukata tumbo, na wapo wanaoamini kwamba daktari huchota mafuta ya kitambi. Mafuta hayaguswi. Katika aina inayofanywa zaidi siku hizi, hukatwa na kutolewa karibu robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi kidogo, na linalobaki huwa jembamba kama ndizi. Utumbo huachwa ulivyo. Aina ya pili, baipasi, ni kazi ya ufundi zaidi. Juu kabisa ya tumbo hutengwa kijifuko kinachobeba mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya kulia wali. Utumbo mwembamba hukatwa, ncha yake ya chini ikapandishwa na kushonwa kwenye kijifuko hicho, na ile ya juu ikaunganishwa mbele zaidi. Chakula sasa kinapita njia ya mkato, kikiruka tumbo lote la zamani pamoja na mwanzo wa utumbo, huku nyongo na maji ya kongosho yakishuka kwa njia yao na kukikuta huko mbele. Ukichora, unapata herufi Y, na kiungo hicho hadi leo kinabeba jina la César Roux, daktari wa upasuaji wa Lausanne, Uswisi. Tumbo la zamani halitolewi. Linabaki ndani, zima, halipati mgeni.

Puto, ambalo Watanzania wamelisikia sana tangu lianze kuwekwa hospitali ya Mloganzila, ni jambo jingine. Huingizwa kupitia mdomoni, hukaa miezi kadhaa likichukua nafasi tumboni, kisha hutolewa. Njia ya chakula inabaki ileile.

Ingekuwa upasuaji huu ni udogo wa tumbo tu, watu wangeshinda na njaa. Hawashindi nayo. Sehemu ya juu ya tumbo ndiyo kiwanda kikuu cha grelini, homoni ya njaa, na katika aina ya kwanza sehemu hiyo ndiyo inayokatwa. Katika baipasi, chakula hufika mapema kwenye sehemu za chini za utumbo, nazo humwaga kwa wingi homoni ya shibe iitwayo GLP-1, ileile inayoigwa na sindano za kupunguza uzito zinazovuma sasa. Hata bakteria wa tumboni hubadilika. Mwaka 2013 watafiti wa Boston walichukua bakteria wa panya waliofanyiwa baipasi, wakawapandikiza panya wasio na bakteria wala kisu, na panya hao wakapungua uzito. Kwa binadamu haijawa tiba, lakini inaonyesha jinsi kisu kinavyofika mbali kuliko kidonda.

Na kisu kiliwahi kufika mbali mno. Mwaka 1954, huko Minnesota, Marekani, madaktari walieleza upasuaji wa kuruka karibu utumbo mwembamba wote, na katika miaka iliyofuata wengi walifanyiwa. Kilo zilishuka kama maji ya mteremko. Lakini watu waliharisha bila kikomo, wakapata mawe ya figo, wengine ini likashindwa kazi. Upasuaji ule uliachwa, na baadhi yao walilazimika kurudishwa mezani ili utumbo uunganishwe upya. Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito wa Iowa walianza baipasi ya tumbo, mzizi wa hii tuliyo nayo, inayouachia utumbo sehemu kubwa ya kazi yake. Kila nikisoma habari hizo nafikiria mizani ya wakati ule, ambayo ilikuwa ikileta habari njema tupu.

Sasa turudi kwa mama wa mlangoni. Kukosa choo ndiyo kero ya kawaida ya wiki za mwanzo, hasa kwa waliokatwa tumbo bila kuguswa utumbo. Anayekula vijiko vitatu vya uji hana mengi ya kupeleka chooni. Vidonge vya madini ya chuma hukaza choo, na baadhi ya dawa za maumivu hufanya hivyohivyo. Ila kubwa kuliko yote ni maji. Tumbo jipya halipokei glasi kwa mkupuo. Linataka funda moja moja kutwa nzima, na mtu aliyezoea kunywa akishikwa na kiu husahau. Nilimuuliza anakunywa kiasi gani. Vikombe viwili vya chai, akasema, kimoja asubuhi kimoja jioni. Aliambiwa wodini asinywe maji na chakula. Sisi tulimaanisha asubiri nusu saa baada ya kula. Yeye alielewa kwamba maji na tumbo lake jipya haviivi.

Kosa letu hilo, si lake. Na bora alisema, kwa sababu nyumbani alikuwa ameshaandaliwa sanamaki na dada yake. Sanamaki inafanya kazi, hilo sibishi. Lakini kwa mtu ambaye mwili tayari hauna maji, kuirudia kila siku ni kuukamua maji na chumvi ambazo moyo unazihitaji.

Kwa wa baipasi mara nyingi hali hugeuka. Chukua glasi ya juisi ya miwa. Zamani ilikuwa ikitua tumboni na kuachiliwa utumboni kidogo kidogo. Sasa sukari yote inamwagika utumboni kwa pamoja, nayo huvuta maji kutoka kwenye damu. Haipiti nusu saa: moyo unadunda, jasho linatoka, tumbo linasokota, na mtu anatafuta choo. Wengine hupata la pili saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inaposhuka ghafla, wakaona kizunguzungu na mikono ikitetemeka. Hajalogwa, wala ugonjwa wa moyo hana. Chai ya maziwa nayo huanza kuwasumbua baadhi ya watu walioinywa maisha yao yote, wakajaa gesi na kuharisha.

Choo kinachoelea, chenye mafuta na harufu isiyo ya kawaida, ni habari ya aina nyingine: mafuta hayasagwi vizuri, na yakipita hivyo huondoka na vitamini zinazosafiri nayo. Madini ya chuma hunyonywa zaidi mwanzoni mwa utumbo, palepale panaporukwa. Vitamini B12 inahitaji msaada wa tumbo ambalo sasa halikutani na chakula. Kwa hiyo vidonge ni vya maisha, na anayeviacha kwa kuwa anajisikia vizuri anaweza kuja baadaye na ganzi miguuni na damu kidogo.

Kuna mawili ambayo hayangoji miadi. La kwanza ni diklofenaki na ndugu zake, zinazouzwa kila duka la dawa kwa ajili ya mgongo na magoti. Kwa mwenye baipasi huchimba kidonda pale paliposhonwa, na kidonda hicho kinaweza kutoboka. Parasetamoli ndiyo ya kukimbilia. La pili ni maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, miezi au hata miaka baada ya baipasi, pengine na kutapika. Utumbo unaweza kuteleza kwenye upenyo ulioachwa na upasuaji ukajinyonga. Mtu huyu akifika zahanati, rahisi aambiwe ana vidonda vya tumbo apewe dawa arudi nyumbani. Anatakiwa kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Sipingi kisu. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walikufa kwa uchache kuliko wanene wenzao wasiofanyiwa. Unene wenyewe si rafiki wa utumbo: shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa mwaka 2016 liliorodhesha saratani 13 zinazohusishwa nao, na ya utumbo mpana imo. Kama upasuaji unaipunguza saratani hiyo, wataalamu bado wanabishana. Takwimu za Ufaransa za 2020 zilileta matumaini, za awali kutoka Sweden zilitia shaka. Hadi wakubaliane, damu kwenye choo isipewe jina la bawasiri kabla haijapimwa, kwa mnene na kwa aliyepungua.

Nilimwandikia mama karatasi ndogo ya kuweka kwenye pochi: aina ya upasuaji, tarehe, dawa asizopewa. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa MAJI, na saa za kunywa. Siku ya nne akapiga simu.

"Shikamoo daktari. Leo mambo yamekwenda."

Kilo hakuzitaja, nami sikuuliza.