VITABU: Foleni ya maktaba ni habari ya soko

Mwenye duka la vitabu mjini Dodoma aweza kudhani kuwa kila kitabu kinachoazimwa maktaba ni mauzo yaliyopotea. Hesabu haiko hivyo kwa kila kitabu.

Riwaya ya kujiburudisha husomwa mara moja. Aliyeiazima na kuimaliza ni nadra kurudi dukani kuinunua. Kamusi na vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa kwa mtihani ni suala jingine. Watahiniwa wa kidato cha nne huvihitaji wote kwa wakati mmoja, kabla ya Novemba. Anayengoja zamu ya kuazima huenda akakutwa na mtihani, hivyo mzazi mwenye uwezo hununua.

Aidha, uazimaji nao huleta mnunuzi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, ulimhakikishia mchapishaji ununuzi wa nakala 3,000 kati ya 5,000 alizochapa, zikagawiwa shuleni. Nakala 2,000 zilizosalia aliziuza mwenyewe. Bila mnunuzi huyo, vingi visingechapwa.

Ushauri kwa mwenye mtaji mdogo: riwaya chukua chache, uongeze zikitoka. Fedha kubwa iweke kwenye kamusi na vitabu vya mtihani, baada ya kuulizia shuleni orodha inayotumika. Mtaala ukibadilika, shehena hugeuka karatasi za kufungia karanga. Tena pita Maktaba ya Mkoa uulize kitabu gani kinagombewa. Hicho ndicho cha kuagiza.