"Tutafungua misitu kwa vijana": kwanza, ilifungwa na nani?

1/ Kampeni zikifika Garsen lazima uskie ahadi hii: vijana wataingia msituni kujifunza na kupumzisha akili. Makofi! Mimi nasomea sayansi ya siasa, na nyumbani ni huku. Tuelewane kidogo.

2/ Mwaka 1976 misitu ya kando ya mto Tana ilifanywa hifadhi, kuwalinda mbega wekundu na mangabei wa Tana. Hawa hawapatikani kwingine duniani.

3/ Lakini Wapokomo walikuwa wakilima huko zamani. Msitu ndio ulikuwa shule: mzee anamfundisha kijana kuchonga mtumbwi, kuweka mizinga, kujua dawa.

4/ Wakazi wakaenda kortini. 2007 Mahakama Kuu ikaamua hifadhi haikuanzishwa kisheria. Haki ya watu ikasikika, sawa. Na mbega je? Wakapoteza ngao yao.

5/ Njia ya kati ipo. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu chama cha jamii kufanya makubaliano ya kusimamia msitu wa umma, na elimu, asali na dawa za miti zimo.

6/ Kwa hivyo mwanasiasa akiahidi, muulize: makubaliano yatasainiwa na nani? Wazee wanaofundisha watalipwa? Waorma na Wawardei wanaoleta mifugo mtoni wakati wa ukame, wameitwa kikaoni?

Akikosa jibu, hajafungua kitu. Amekuja kupiga picha tu.